Kilo Zinazobaki Kati ya Mimba na Mimba

Kila mwezi mtoto hupelekwa kliniki, huwekwa kwenye mizani, na muuguzi huweka nukta kwenye kadi yake. Mama aliyembeba huondoka bila kupimwa. Akirudi na ujauzito mwingine, mara nyingi umeshafika mwezi wa nne au wa tano, na uzito unaoandikwa siku hiyo umechanganya wake, wa mtoto, wa kondo na wa maji. Alianza na kilo ngapi? Hakuna anayejua.

Hizo ndizo kilo zenye habari. Hatari haitokani tu na mimba moja iliyomnenepesha mtu. Mara nyingi ni kilo tatu au nne zisizoondoka baada ya kila uzazi, zikafuatwa na nyingine. Nchini Sweden walifuatiliwa wanawake zaidi ya 150,000 waliojifungua mtoto wa kwanza na wa pili kati ya 1992 na 2001. Wale ambao uwiano wao wa uzito na urefu (BMI) ulipanda kwa pointi 3 au zaidi baina ya mimba hizo walipatwa zaidi na presha ya ujauzito, ile inayoweza kufikia kifafa cha mimba, kisukari cha mimba, kujifungua kwa upasuaji, na hata mtoto kufia tumboni. Hatari iliongezeka hata kwa waliobaki ndani ya uzito wa kawaida. Kwa mwanamke mwenye urefu wa sentimita 160, pointi 3 ni kilo 8 kasoro kidogo, yaani uzito ambao majirani wataupongeza: "Umependeza, ndoa imekukubali!"

Kupata uwiano huo, gawa kilo zako kwa urefu wako wa mita, kisha jibu uligawe tena kwa urefu uleule. Mwenye kilo 70 na mita 1.60 anapata 27.3. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene, chini ya 18.5 ni upungufu. Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamefika 25 au zaidi.

Sina ugomvi na chakula cha uzazi. Mtori wa Uchagani, uji wa pilipili manga, supu ya arobaini, vyote vina kazi kwa mtu aliyetoka kupoteza damu. Ugomvi wangu ni na ulaji wa arobaini unaoendelea mpaka mtoto anakimbia, ukisindikizwa na soda. Hata hivyo anayenyonyesha asijinyime. Apunguze sukari na mafuta, atembee, na asianze kujikondesha akishashika mimba.

Kuna na upande wa pili. Mwanamke mwembamba anayezaa mfululizo hapati nafasi ya kurudisha damu na madini aliyompa mtoto, na mimba inayofuata huweza kuleta mtoto njiti au mwenye uzito mdogo. Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua mtoto hai kabla ya kushika mimba nyingine. Kitanzi, vijiti na sindano vipo. Ukiona sindano inakuongezea uzito, omba njia nyingine badala ya kuacha kimyakimya.

Kauli inayoniudhi ni ile ya "huyu mzoefu, atajifungulia popote." Kuanzia uzazi wa tano, misuli ya mji wa mimba huweza kushindwa kujikaza baada ya kondo kutoka, na damu ikamwagika kwa kasi. Mama huyo, hasa akiwa pia mnene au ana kovu la upasuaji, ajifungulie penye damu ya kuongezewa na chumba cha upasuaji, hata kama zahanati iko mlangoni.

Basi siku ya kliniki ya mtoto, akifikisha miezi sita, omba nawe upimwe, uandike kilo zako nyuma ya kadi. Ukishika mimba, wahi kabla ya mwezi wa tatu kuisha, mwonyeshe mkunga namba hiyo, na uulize kuhusu presha, wingi wa damu na sukari. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, damu ikitoka au mtoto akiacha kucheza, nenda hospitali saa hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kadi.