Mkimbizi chuoni na siasa za nchi

Swali: Mimi ni mkimbizi wa Kongo, naishi Nakivale, Uganda. Nimepata nafasi ya kusoma chuo kikuu Mbarara. Wenzangu wameniingiza kwenye kundi la WhatsApp la siasa. Kuna hatari?

Jibu: Hongera, mdogo wangu. Hatari ipo, na kwako ni kubwa kuliko kwa wenzako. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakukataza kushiriki siasa za Uganda, hata za mtaani. Na hata raia hawaponi: mwaka 2019 Stella Nyanzi, msomi na raia, alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa shairi la Facebook kumhusu Rais Museveni. Jitoe kundini, usisambaze chochote. Tembea na kitambulisho chako. Ukikamatwa, Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48, dai wakili. Kunyamaza huku si woga, ni kuilinda kesho yako.