Nenda Kwanza Peke Yako, Maji Yakiwa Yamekupwa

Mwanangu wa pili alikanyaga miiba akiwa na miaka sita, kwenye ufuo niliouchagua kwa sababu picha zake zilinipendeza. Bahari ilikuwa imejaa na kutulia. Chini ya maji yale kulikuwa na mawe, na kwenye mawe wale wadudu weusi wa miiba mirefu. Nilimbeba mgongoni hadi chooni nimsafishe mguu, nikakuta mlango umepigwa kufuli. Maji baridi tuliyokuwa nayo ni chupa moja, nasi tulikuwa watu saba. Tangu siku hiyo sipeleki watoto mahali ambapo sijapakagua mwenyewe, na ukaguzi huo naufanya bahari ikiwa imekupwa.

Anza kwa kuutazama mwezi. Unapoandama na unapokuwa mpevu, siku hizo ni za bamvua: maji hujaa sana na kukupwa sana, na hapa Mombasa tofauti ya juu na chini inaweza kupita mita 3. Siku za bamvua bahari yetu hukupwa takriban saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa alasiri. Hiyo asubuhi ndiyo ya kukagua, maana sakafu ya bahari iko wazi mbele yako. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa kama dakika 50. Baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu. Hapo bahari haiendi mbali wala hairudi kwa kishindo, na mara nyingi hujaa katikati ya asubuhi, wakati jua halijawa kali. Kwa hiyo mimi hukagua siku za bamvua na kuwapeleka watoto siku za maji mafu.

Ukifika, vua viatu vyako vya kutembelea, vaa vya plastiki vya kufunga, uingie moja kwa moja kule ambako watoto wataogelea. Je, mchanga unashuka taratibu, au kuna shimo ghafla? Mawe yanaanzia wapi? Kuna chupa zilizovunjika, nyavu kuukuu, vyuma vya nanga? Tazama pia mahali ambapo maji ya mwisho yanapita yakitoka. Ukiona kama mto mdogo unaokimbilia baharini kupitia penye mwanya wa mwamba, weka alama kichwani: huo ndio mlango, na maji yakiwa mengi mkondo wake humvuta hata mtu mzima. Midomo ya hori, kama pale Mtwapa, usiifikirie kabisa kwa watoto.

Ukirudi ufuoni, tafuta mstari wa mwani mkavu. Huo unaonyesha maji yalifika wapi. Ukiukuta umegusa ukuta wa hoteli au wa nyumba, jua kwamba bamvua likija hapatakuwa na ufuo, na familia yako itabanwa kati ya ukuta na mawimbi. Kuna sehemu nyingi za namna hiyo kati ya Nyali na Bamburi.

Kisha watafute wavuvi. Usiwaulize kama ufuo ni mzuri, kwa sababu mgeni huambiwa kila mahali ni pazuri. Waulize hivi: “Watoto wenu wenyewe huoga wapi?” Mzee mmoja niliyemwuliza hivyo hakunijibu kwa maneno. Alininyoshea kidole upande wa pili wa mashua, hatua kama 200 kutoka nilipokuwa nimepanga kutandika leso, akanipeleka. Palikuwa na mchanga mtupu, na maji ya magotini kwa umbali mrefu. Tumekwenda hapo miaka mingi.

Sasa upande wa nchi kavu, ambao kwangu mimi ndio unaoamua. Bahari nzuri tunazo nyingi, vyoo ndivyo haba. Ingia chooni mwenyewe. Funga mlango uone kama unafungika kwa ndani. Fungua bomba. Muulize mhudumu kinafungwa saa ngapi, kwa sababu vingine hufungwa saa kumi na mbili kamili wakati watu ndio kwanza wanatoka majini. Tazama kama kuna mahali pa mwanamke kubadili nguo bila kushikiwa leso na watu wawili. Uliza kama kuna bafu la maji baridi, kwa sababu chumvi na mchanga vikikaa mwilini mwa mtoto mdogo hadi nyumbani, usiku huo hamtalala. Ada ndogo ya choo kisafi ilipe kwa moyo mkunjufu. Ukiweza, rudi mara nyingine Jumapili saa kumi jioni ukione chumba hichohicho baada ya watu mia kadhaa kukipitia.

Kivuli ni cha pili. Mivinje ni rafiki wa familia. Minazi, hata ukipenda upepo wake, usimlaze mtoto chini yake kama ina nazi. Na ikiwa mnakwenda na bibi asiyeweza kutembea mbali, pima kwa hatua kutoka gari linaposimama hadi kivulini. Mchanga mkavu ni adui wa kiti cha magurudumu, lakini ule ulioachwa na maji punde huwa mgumu, na bibi anaweza kusukumwa hadi ukingoni akalowesha miguu.

Kuhusu njia ya kuingilia, usikubali kutishwa. Kwa Katiba ya Kenya ya 2010, ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Tanzania nako, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Tatizo ni vichochoro vya kufikia, ambavyo vingi vimezibwa. Ndiyo maana Ufuo wa Umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ambao wengi tunauita Pirates, una thamani kubwa: unafikika kutoka barabara ya Malindi, na mwenye matatu anafika sawa na mwenye gari. Lakini Idi, Krismasi na Pasaka hufurika, na mtoto hupotea kwa kufumba na kufumbua. Mama Ngina ni pazuri kwa viazi karai na upepo wa jioni, ila si pa kuogelea. Wanaokwenda Unguja wakumbuke kwamba Paje na Jambiani bahari hukimbia mbali sana ikikupwa, ilhali Nungwi na Kendwa mtu huoga karibu saa zote.

Likizo ya Agosti huangukia kusi: upepo mkali, mwani umelundikana. Desemba na kaskazi hali huwa tulivu zaidi. Mvua kubwa ikinyesha, ngojeni siku mbili tatu, kwa sababu mifereji yote ya mji humwagia baharini.

Siku yenyewe ikifika, mvalishe mtoto nguo ya rangi ya chungwa au nyekundu. Buluu na kijani humezwa na maji. Andika namba yako ya simu mkononi mwake kwa kalamu. Maboya ya tairi yanayokodishwa ufuoni yanafurahisha, lakini upepo wa kutoka bara huyasukuma kilindini upesi kuliko unavyoogelea, kwa hiyo shika kamba. Hata kama kuna mwokoaji zamu, mtu mzima mmoja awe ndani ya maji, umbali wa mkono, bila simu. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono.

Na maji yakianza kurudi, usidanganywe na utaratibu wake. Bahari hujaa kwa kama saa 6, na karibu nusu ya maji yote huingia katika saa ya tatu na ya nne. Aliyekwenda kuokota kome kwenye fungu la mchanga huzungukwa kwa nyuma kabla hajaona. Mimi huweka kengele ya simu ilie mwisho wa saa ya pili. Ikilia, wote wanatoka, tunahesabu vichwa, tunapanga foleni ya bafu, wadogo wakitangulia.