Jahazi la mezani: pima kwanza, chonga baadaye

Mtepe ulipotoweka katika bahari ya Lamu haukuacha mchoro wa ujenzi. Mbao za chombo hicho cha Wabajuni hazikupigwa msumari. Zilishikwa kwa vigingi vya mti na kushonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. James Hornell aliandika habari za mitepe na madau ya Lamu katika jarida la The Mariner's Mirror mwaka 1941, wakati mtepe ulikuwa umebaki zaidi midomoni mwa wazee kuliko majini. Mwaka 2003 mafundi wa Zanzibar waliunda nakala kubwa, Mtepe Shungwaya, iliyowekwa katika makumbusho ya Beit al-Ajaib. Kufikia hapo chombo chenyewe hakikuwepo popote cha kupigiwa futi. Zilikuwepo picha chache za zamani, maelezo ya waliouona, na mifano midogo ya mbao iliyochongwa na watu waliokijua.

Kwa sababu hiyo makala haya yanamshauri anayetaka kujenga jahazi dogo kwa mkono wake aanze kwa kupima. Mfano uliojengwa kwa vipimo ni kumbukumbu ambayo fundi wa kesho anaweza kuitegemea. Uliojengwa kwa kukisia ni pambo, na mapambo ya aina hiyo yanauzwa tayari mjini Lamu, kwa bei ndogo kuliko thamani ya muda utakaoupoteza.

Chagua chombo unachoweza kukigusa. Anayeanza aache mtepe, achukue mashua au jahazi dogo linalofanya kazi. Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, ni kijiji kinachojulikana kwa uundaji wa vyombo, na ufukweni mwake huwezi kukosa kimoja kinachoundwa au kutengenezwa. Kabla ya kwenda huko, pita Makumbusho ya Lamu utazame mifano ya vyombo iliyomo. Utajifunza mengi kwa kuona fundi mwenzako aliamua kuonyesha nini na kuacha nini.

Mtu anayejenga mfano wa pikipiki ya miaka ya 1950 ana bahati: kiwanda kilichapa kitabu chenye namba ya kila kipuri. Jahazi halina kitabu. Fundi wa Lamu huunda kwa jicho na kwa mkono uliozoea, na vyombo viwili vya fundi mmoja havilingani. Kwa hiyo kazi ya kuchora ni yako, na ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.

Mwombe ruhusa nahodha au mwenye chombo, umweleze wazi unachotaka kufanya, hasa kama unakusudia kuuza. Kisha ngoja bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana. Siku za maji mafu bahari hairudi mbali, na utajikuta unapima huku maji yamefika magotini. Wakati wa bamvua chombo hukaa pakavu kwa saa kadhaa. Kiwe kimesimamishwa wima kwa magogo, maana kilicholala ubavu hakipimiki kwa timazi.

Vuta uzi kutoka fashini ya omo (nguzo ya mbele) hadi fashini ya tezi (nguzo ya nyuma), juu ya mstari wa mkuku, ule mti mrefu wa chini ya chombo, uutie alama kila mita moja. Katika kila alama teremsha timazi kutoka ukingoni hadi chini. Halafu, kila baada ya sentimita 20 za kwenda juu, pima umbali wa mlalo kutoka kwenye uzi wa timazi hadi ubavuni. Ukiunganisha nukta hizo kwenye karatasi utapata umbo la chombo mahali hapo kana kwamba umekikata kwa kisu. Rudia upande wa pili, wala usidhani unafanana na wa kwanza. Tofauti ya sentimita mbili tatu ni ya kawaida katika kazi ya mkono, na mfano mzuri huionyesha. Wapo wanaoisahihisha ili chombo kionekane nadhifu. Mimi naona huko ni kumsingizia fundi.

Kila picha unayopiga iwe na fimbo ya mita moja iliyopakwa rangi mbili kwa zamu kila sentimita 10. Rekodi pia kwa simu maelezo ya fundi: jina la kila kipande, mti uliotumika, na nini kilitangulia nini. Mpangilio huo una maana kubwa. Katika mtepe mbao zilishonwa kwanza hadi ganda likasimama, ndipo mataruma, yaani mbavu za chombo, yakaingizwa na kufungwa kwa ndani. Ukianza na mataruma utapata kitu kinachofanana na mtepe kwa nje tu.

Kipimo rahisi ni moja kwa ishirini, yaani mita moja ya kweli iwe sentimita 5. Jahazi la mita 12 litakuwa na sentimita 60, ubao wa unene wa sentimita 4 utakuwa milimita 2, na kamba nene ya sentimita 2 itakuwa uzi wa milimita 1. Kata mtu wa karatasi ngumu mwenye urefu wa sentimita 8 na nusu umsimamishe ndani ya chombo mara kwa mara. Ukingo usipomfika pale unapomfika mtu kwenye chombo chenyewe, kuna hesabu uliyoikosea.

Mbao usinunue. Mabaki ya mvule, msaji au mbambakofi yanayotupwa karakana yanatosha mfano mzima. Vumbi la mvule huwasha macho na kifua, basi funika pua na ufanye kazi penye upepo. Mikoko ni habari nyingine. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na kuikata kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma za Misitu la Kenya. Hata kitawi cha taruma usikikate. Okota vijiti vilivyojipinda vyenyewe, kwa kuwa mataruma ya kweli nayo huchaguliwa kwenye miti yenye kombo ya asili ili nyuzi za mti zifuate mpindo.

Weka mkuku juu ya ubao ulionyooka, simamisha fashini zote mbili, uzibane zisitikisike. Baada ya hapo fuata mpangilio wa fundi wako. Ubao mwembamba hukubali kupinda ukiloweshwa maji ya moto na kuzungushwa polepole kwenye bomba lenye joto. Ushikilie kwa vibanio vya nguo mpaka ukauke kabisa ndipo utie gundi. Toboa kwa keke ndogo ya mkono, na badala ya misumari tumia vipande vya waya wa shaba. Hapa ndipo wengi huchoka na kuanza kuchora misumari kwa kalamu. Afadhali ujenge mashua ndogo yenye misumari ya kweli kuliko jahazi kubwa la kuchorwa.

Kalafati ya kweli ni pamba iliyotiwa mafuta na kushindiliwa kati ya mbao. Kwenye mfano, uzi mwembamba wa pamba unatosha. Deheni, ule mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaopakwa sehemu ya chombo inayokaa chini ya maji, usiutumie ndani ya nyumba, kwani utawaita wadudu. Rangi nyeupe isiyong'aa inaonyesha jambo lile lile.

Mlingoti wa jahazi huegemea mbele, na foromali, mti unaobeba tanga, mara nyingi huwa ya miti miwili au zaidi iliyofungwa pamoja. Usiichonge kwa kijiti kimoja laini. Tanga likatwe kwa marekani isiyopaushwa. Litazame vizuri kabla ya kukata, kwa sababu wageni wa kazi hii hukata pembetatu kamili ilhali matanga mengi ya majahazi yana upande mfupi mbele. Angalia pia mishono ya vitambaa inaelekea wapi.

Kubadili vifaa vya kujengea hakuharibu kumbukumbu ilmradi umbo na njia ya kazi vihifadhiwe. Flipflopi, jahazi lililozinduliwa Lamu mwaka 2018, limeundwa kwa plastiki iliyookotwa, lakini fundi wake mkuu, Ali Skanda, alilijenga kwa ujuzi wa vyombo vya mbao. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar, kama kilomita 500. Ukikosa mbao ngumu, plastiki inakubalika, bora uandike kwamba ni plastiki.

Pembe za ndovu na magamba ya kasa yasiguse kazi yako hata kama mapambo. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 haina huruma. Kipande cha chombo cha kale kisiingizwe pia. Vitu vya kale vinalindwa na sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006, na mgeni atakayenunua jahazi lako anaweza kukwama uwanja wa ndege.

Mfano unaokwenda Nairobi uache ukauke ndani ya nyumba kwa wiki kadhaa kabla ya kuutia rangi, kwani mbao iliyozoea unyevu wa pwani husinyaa bara na mishono hufunguka. Safirisha mlingoti na foromali vikiwa vimelazwa kando ya chombo. Chini ya mkuku andika kwa wino usiofutika jina la chombo, mji kilikoundwa, kipimo ulichotumia na mwaka uliopima, na jina la fundi akikubali. Daftari la vipimo ulitolee nakala mbili, moja ibaki kwako na moja umpelekee mwenye chombo.