Feni Iliyosimama Huenda Bado Ina Umeme



Polisi huitwa nyumba ikishaungua au mtu akishapigwa na umeme. Somo hili ni la kabla ya hapo. Mtu anapobomoa ukuta, kupanua jiko au kuongeza bafu, feni ya kutolea moshi na unyevu huhamishwa pamoja na swichi zake, na nyaya za zamani huunganishwa upya. Hapo ndipo hatari hujificha.

Kwanza: swichi ikate waya wa moto. Umeme wa gridi nchini Uganda ni wa volti 240. Huingia katika feni kwa waya wa moto na kurudi kwa waya wa nyutro. Waya wa tatu, wa ardhi, ni wa kinga. Swichi ikiwekwa kwenye nyutro, feni itasimama vilevile na mwenye nyumba ataridhika. Lakini umeme utakuwa bado umo ndani yake, ukimngoja atakayepanda kiti kufuta masizi kwa kitambaa kibichi.

Pili: rangi isiaminiwe peke yake. Katika nyumba za zamani waya wa moto ni mwekundu na nyutro ni mweusi. Katika nyumba mpya ni kahawia na buluu. Aidha, waya unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye feni wakati mwingine ni mweusi, ijapokuwa hubeba umeme swichi inapowashwa. Asiyepima akiudhania kuwa nyutro na kuuunganisha na nyutro nyingine, shoti itatokea mara swichi itakapobonyezwa.

Tatu: kila kifaa na njia yake. Taa na feni zilizotumia swichi moja zikitenganishwa, waya wa moto ufike katika swichi zote mbili, na kila swichi itoe waya wake kwenda kwenye kifaa chake. Nyutro na waya wa ardhi vifike kwenye vifaa bila kukatwa na swichi. Viungo vikae ndani ya kisanduku chenye kifuniko kinachofikika, wala visisokotwe kwa mkono na kuzikwa ndani ya plasta.

Nne: kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Kabla ya kazi, swichi kuu izimwe na mtu asiruhusiwe kuiwasha. Testa ijaribiwe kwanza mahali penye umeme ili ijulikane kuwa ni nzima, ndipo zipimwe nyaya zote.

Kwa wakazi wa Base Camp, Juru na Rubondo wanaotumia sola: feni ya volti 12 isiunganishwe kamwe na umeme wa gridi. Tena, mwekundu na mweusi wa sola humaanisha chanya na hasi. Maana hiyo isihamishiwe kwenye nyaya za gridi.

Somo hili halimfanyi msomaji kuwa fundi. Linampa macho ya kukagua kazi. Mwombe fundi akuonyeshe kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, kisha mwulize mbele ya swichi: "Hii inakata waya upi?" Fundi mwaminifu hatachukizwa, atapima nawe ukiona. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 usambazaji wa umeme uliokuwa mikononi mwa Umeme umo chini ya shirika la umma la UEDCL. Kazi yoyote inayogusa mita au waya wa nguzo ni yao. Kujiunganishia umeme kwa siri ni kosa la jinai, kwa raia na kwa mkimbizi sawia.

Ajali ikitokea, usimshike aliyenaswa na umeme. Zima swichi kuu kwanza. Isipowezekana, simama mahali pakavu umtenganishe na waya kwa mti mkavu. Moto wa umeme usimwagiwe maji. Piga 999 au 112.

Ukuta mpya huficha kazi ya fundi kwa miaka mingi. Kabla haujapigwa plasta, hakikisha kilichomo ndani yake kimepimwa.