Mtama wa Danieli na Sufuria ya Makuyuni

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 1:29, Danieli 1:3–21, Isaya 55:2, Warumi 14:1–17, 1 Wakorintho 10:31.

Fungu la kukariri: 1 Wakorintho 10:31. Lisomeni kwa pamoja kutoka katika Biblia zenu kabla ya kuanza.

Makuyuni iko kando ya barabara kuu, kati ya mji wa Korogwe na Mombo. Jina lake limebeba mkuyu, mti ambao nabii Amosi alikuwa akitunza matunda yake (Amosi 7:14). Kama ilivyo katika vituo vingi vya barabara hiyo, abiria akishuka hukutana kwanza na vyakula vya haraka: chipsi mayai, mishikaki, maandazi, soda ya baridi. Nyuma ya barabara, majumbani na mashambani, kuna chakula kingine: maharage, kunde, mbaazi, kisamvu, matembele, mchunga, na machungwa yanayoletwa kutoka Handeni na Muheza. Vyakula hivi viwili vinashindania mfuko mmoja na tumbo moja, kila siku. Shindano hilo halipigi kelele, na kwa sababu hiyo washiriki wengi hawajui kama linaendelea hadi siku wanapopimwa shinikizo la damu au sukari.

Siku kumi, na miaka iliyofuata

*Soma Danieli 1:8–16. Danieli aliomba nini, na aliomba kwa namna gani?*

Danieli hakugoma wala hakumtukana mpishi wa mfalme. Aliomba kwa adabu, akapendekeza jaribio la siku kumi. Neno la Kiebrania linalotajwa katika aya ya 12 lina maana ya vitu vilivyopandwa, yaani vitokanavyo na mbegu. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union waliandika "mtama", na msomaji wa Handeni hahitaji maelezo zaidi. Chakula cha vijana wale mbele ya mfalme mkuu kilikuwa cha aina ambayo leo baadhi ya watu huona haya kumwandalia mgeni.

Vikundi vingi hukomea siku ya kumi, nyuso ziliponawiri. Yafaa kwenda hadi aya ya 21. Danieli alikuwepo hata mwaka wa kwanza wa Koreshi. Kutoka mwaka 605 K.K., alipochukuliwa mateka, hadi wakati huo ni zaidi ya miaka 60, na bado alikuwa na akili timamu na kazi ya kufanya. Biblia haisemi kwamba mtama ndio uliompa miaka hiyo, na mwalimu asiiseme kwa niaba yake. Aya ya 17 inamtaja Mungu kuwa ndiye mpaji. Lakini uamuzi wa kijana ulikuwa wa kila siku, na uhai wake ulikuwa mrefu.

Kwa kawaida mwili haujibu kwa siku kumi. Mtu anaweza kunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari asubuhi na jioni kwa miaka 20 asisikie lolote. Kisha kidonda kidogo mguuni kinakataa kupona.

Walichokiona madaktari wa Mulago

Katikati ya karne ya 20 madaktari wawili, Hugh Trowell na Denis Burkitt, walifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Waliwatibu watu wengi wenye malaria, kifua kikuu na utapiamlo. Lakini magonjwa yaliyojaza wodi za Ulaya, yaani mshtuko wa moyo, kisukari cha watu wazima na saratani ya utumbo mpana, waliyaona mara chache sana. Ilikuwa nadra kiasi kwamba mwaka 1956 Trowell na mwenzake waliandika taarifa katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki kuhusu Mwafrika mmoja aliyepata ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja!

Baadaye Trowell na Burkitt waliunganisha hali hiyo na chakula: nafaka zisizokobolewa, ndizi, viazi, maharage na mboga, vyenye nyuzinyuzi nyingi. Nyuzinyuzi hazina utamu, nazo hazimeng'enywi kama wanga. Hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, hulainisha choo, na hulisha vijidudu vyema vya utumbo. Mwaka 1975 walitoa kitabu juu ya jambo hilo, na tangu hapo wataalamu wa nchi tajiri wamekuwa wakiwahimiza watu wao warudie chakula kinachofanana na cha bibi wa Korogwe.

Hapa Tanzania, uchunguzi uliofanyika katika vijiji sita miaka ya 1980 ulikuta kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kiasi cha watu 9 katika kila 100, na shinikizo la juu la damu kwa robo ya waliopimwa. Hesabu hizi mbili hazikufanywa kwa njia moja, na ya kwanza ilihusu vijiji tu, kwa hiyo zisilinganishwe kama mizani ya duka. Tena si chakula peke yake: watu wanatembea kidogo kuliko zamani. Hata hivyo mwelekeo hauna ubishi.

*Soma Isaya 55:2. Aya hii inazungumzia kwanza neno la Mungu. Je, inaweza pia kumsaidia mtu anapofungua mfuko wake sokoni? Eleza.*

Dona na sembe

Mahindi ni yale yale. Yakisagwa bila kukobolewa ni dona. Yakikobolewa kwanza ni sembe. Kinachoondoka katika kukoboa ni ganda na kiini, penye sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, vitamini za kundi B, madini na mafuta mazuri. Pumba hiyo wanapewa kuku na ng'ombe. Kwa maneno mengine, mama hulipia mashine mara mbili, kukoboa na kusaga, debe lake linapungua, na mifugo inapata sehemu iliyo bora. Halafu mgeni anasifu weupe wa ugali.

Dona ina masharti yake, na mwalimu asiyafiche. Kwa sababu ya mafuta ya kiini, haikai muda mrefu kama sembe. Isagwe kidogo kidogo. Tena sumukuvu, inayotokana na kuvu wa mahindi yenye unyevu, hukaa zaidi katika ganda na kiini. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, yakauke kabisa, yaliyoota kuvu yachambuliwe na kutupwa. Kupika au kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.

Makande ya mahindi yasiyokobolewa na maharage, chakula kinachojulikana sana Upare na Tanga, hutoa nafaka na jamii ya kunde katika sufuria moja. Nafaka huwa na upungufu mahali ambapo maharage yana wingi, hivyo protini ya kimoja huikamilisha ya kingine. Ukikamulia ndimu juu ya kisamvu au mchunga, au ukila chungwa baada ya mlo, mwili hupata madini ya chuma kwa urahisi zaidi. Chai ya rangi pamoja na mlo hufanya kinyume. Heri ingoje saa moja.

Utafiti wa Loma Linda

Kanisa lilianza kuzungumzia afya tangu njozi ya Ellen White ya Juni 6, 1863, huko Otsego, Michigan. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Chuo Kikuu cha Loma Linda kiliwafuatilia Waadventista wa California. Wanaume waliishi wastani wa miaka 7 zaidi ya wenzao wa jimbo hilo, na wanawake zaidi ya 4. Waliokula karanga na jamii yake mara nyingi kwa wiki walipata mshtuko wa moyo mara chache zaidi. Katika uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka 2002 na kuhusisha watu kama 96,000, kisukari kilikuwa karibu asilimia 8 kwa waliokula nyama na asilimia 3 kwa waliokula vitu vya mimea tu. Wala nyama hao nao walikuwa Waadventista, na wengi wao hawavuti sigara wala kunywa pombe.

Anayeacha nyama, maziwa na mayai yote anahitaji kupata vitamini B12 kwa vidonge au vyakula vilivyoongezewa, la sivyo baada ya miaka anaweza kupata upungufu wa damu na ganzi miguuni. Mtoto mdogo na mama mjamzito wasinyang'anywe yai na maziwa kwa sababu ya hubiri moja. Na mgonjwa wa kisukari anayebadili chakula amweleze daktari wake, asiache dawa.

Meza ya Sabato

*Soma Warumi 14:1–17. Paulo anawaonya nini wanaokula, na wasiokula?*

Mfikirie shemasi aliyeambiwa kliniki kwamba sukari yake imepanda. Sabato anakuja kwenye chakula cha pamoja. Mezani kuna wali mweupe, chipsi, soda na keki ya harusi ya jana. Akila, anajidhuru. Akikataa, mmoja atasema amejifanya mtakatifu. Upande wa pili wa meza ameketi mgeni aliyeongoka mwezi uliopita, na mzee wa kanisa anakitazama kipande cha kuku katika sahani yake kana kwamba ni dhambi. Wote wawili wameonewa na meza ile ile.

Maswali ya kujadili:

Katika kundi lenu, ni nani anayepanga chakula cha pamoja cha Sabato, na ni nani anayeulizwa maoni? Je, wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu wamewahi kuulizwa?

Ni chakula gani cha asili ambacho familia yako imekiacha kwa kuona haya, si kwa kukosa? Mgeni akija Jumapili ijayo, utampikia nini?