Akiba ya Mafuta Katika Mteremko

Madereva wengi wa malori yatokayo Mombasa kwenda Malaba hudhani ya kuwa kutoa gia katika mteremko ni kuokoa mafuta. Sivyo. Gia ikitolewa, injini haina budi kuendelea kuchoma dizeli ili isizimike. Bali gia ikiwamo, na mguu umeondolewa katika mafuta, magurudumu ndiyo yaizungushayo injini, na injini za siku hizi hukata dizeli kabisa. Tena injini hiyo hulizuia gari. Mwenye kutoa gia hutegemea breki peke yake, nazo zikipata moto sana hazishiki. Mteremko wa Salgaa, mbele ya Nakuru, umeua watu wengi. Gia ndogo na iingizwe juu, kabla ya kuanza kuteremka.

Basi akiba iko wapi? Imo mguuni. Ukaribiapo kilele, legeza mafuta. Kasi iliyobaki itakufikisha. Uonapo magari yamesimama mbele, ondoa mguu mapema, kwani kila upigapo breki unapoteza dizeli uliyokwisha kuilipia. Wala usishindane na mabasi: toka kilomita 60 kwa saa hadi 80, upinzani wa hewa huzidi kwa robo tatu na zaidi. Nazo tairi zipimwe upepo alfajiri, zingali baridi.