Pembe Nne za Godoro

Somo juu ya kumuuguza ndugu aliye mahututi

Someni kwanza: Marko 2:1-12



Katika habari hii ya Kapernaumu, watu wanne walimchukua mgonjwa wa kupooza, wasiweze kuingia nyumbani alimokuwa Bwana Yesu kwa sababu ya wingi wa watu. Hawakukata tamaa. Walipanda juu, wakatoboa dari, wakamteremsha pamoja na godoro lake. Mtakatifu Marko atuambia kwamba Yesu aliiona imani yao, wala si ya mgonjwa peke yake.

Sisi wa Mazinde nasi twaujua mlango usioingilika. Ndugu yetu huugua, twampeleka Korogwe, na hali ikizidi hupewa rufaa kwenda Bombo, KCMC au Muhimbili. Huko huingizwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, nasi tukabaki nje. Je, kazi yetu imekwisha? Hasha.

Chumba hicho ni nini?

Wengi husema, "Akishawekewa mashine, ndiyo basi." Kwa sababu ya maneno hayo jamaa wengine hukataa matibabu, au humtoa mgonjwa angali na nafasi ya kupona. Yafaa tujue ukweli. Mashine ya kupumulia haimwui mtu. Husukuma hewa mapafuni wakati mgonjwa ameshindwa kupumua vya kutosha, ili matibabu yapate muda wa kufanya kazi. Wapo wanaopona na kutolewa kwenye mashine. Wapo pia wanaofariki, kwa kuwa wanaoingizwa humo ni wale walio taabani zaidi.

Tena, kazi hii ilianza kwa mikono ya watu. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, nchini Denmaki, ulipatwa na mlipuko wa polio, na wagonjwa wengi wakashindwa kupumua. Daktari Bjørn Ibsen alionyesha kwamba waweza kuokolewa kwa kutiwa mpira kooni na kusukumiwa hewa kwa mfuko unaobanwa kwa mkono. Mashine hazikutosha. Basi wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana kwa zamu, usiku na mchana, wakiibana mifuko hiyo. Hivyo ndivyo huduma ya wagonjwa mahututi ilivyopata mwanzo wake. Mkono mmoja haulei mwana, wala hauuguzi mgonjwa.

Basi tushike pembe zetu nne.

1. Mpokea habari. Jamaa wamchague mmoja wa kuzungumza na daktari. Aulize: Ugonjwa ni nini? Anatibiwaje? Tutarajie nini? Aandike majibu, kisha awaarifu wengine kwa simu. Wakiuliza watu kumi, watarudi na habari kumi.

2. Wa kukaa karibu. Aingie kwa zamu na kwa ruhusa, anawe mikono, asiguse mirija. Asimpe mgonjwa uji wala maji bila kuambiwa, maana vyaweza kuingia mapafuni. Mgonjwa aweza kuwa amepewa dawa za usingizi. Hata hivyo aseme naye, amtajie jina lake, ampe habari za nyumbani. Huenda anasikia ingawa hajibu. Habari za mazishi na za urithi zisisemwe kando ya kitanda.

3. Wa nyumbani. Kuna watoto, mifugo, shamba, nauli, na damu ya kuchangia. Hapa ndipo jirani na Umoja wa Akina Mama wanapohitajika. Tusimsahau anayeuguza: naye ale, alale, apokewe zamu. Akianguka yeye, wagonjwa watakuwa wawili.

4. Wa sala. Padre aitwe mapema, kama Yakobo 5:14 inavyotufundisha, wala tusingoje dakika ya mwisho. Mpako wa mafuta si hukumu ya kifo. Padre naye afuate maagizo ya wauguzi. Sala haiondoi dawa, wala dawa haiondoi sala. Na mtu asimwambie anayeuguza kwamba imani yake ni haba.

Akipona, na asipopona

Anayetoka katika chumba hicho aweza kuwa dhaifu kwa miezi, akisahau mambo au akisumbuliwa na ndoto mbaya. Tusimcheke wala kusema amerogwa. Tumvumilie, na kumrudisha kliniki.

Pengine daktari atasema kwamba mashine haimsaidii tena. Hapo tuulize wazi, tusikilize, tupatane jamaa wote pamoja. Kukubali kwamba mwili umefika mwisho si kumtupa ndugu yetu. Mama yetu Mariamu hakuweza kumshusha Mwanawe msalabani, lakini alisimama pale (Yohana 19:25). Kusimama pale nako ni kuchukua godoro.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika nyumba yetu, nani angeshika kila pembe leo?
2. Ni maneno gani tuyasemayo hospitalini yanayomvunja moyo anayeuguza?
3. Ni familia gani ya mtaa wetu inayouguza sasa, nasi tutaipokea zamu lini?